Uzi wa kujivunia watoto wadogo: binti yangu ameanza kusoma vibao vya daladala

FundiWaKeko

Wakuu, heshima kwenu, na wakubwa shikamooni. Humu tumezoea kulia: ada, mikopo, ndoa, wenye nyumba. Leo naomba tujisifu kidogo. Sizungumzii waliomaliza chuo. Nataka wale wadogo kabisa, kuanzia anayenyonya mpaka wa darasa la pili. Kama mwanao jana kafunga vifungo vya shati mwenyewe, hata kama kavipishanisha, njoo utuambie.

Naanza mimi. Ni seremala, karakana yangu iko Keko. Mama watoto anauza mitumba Karume, kwa hiyo binti yetu wa miaka mitano akitoka darasa la awali anakuja kushinda na mimi kwenye vumbi la mbao mpaka jioni.

Alianza na rangi. Wa Dar mnajua daladala zina mistari ya rangi kulingana na ruti. Alipokuwa na miaka mitatu tukisimama kituoni anapaza sauti, "Baba, la Mbagala hilo!" Watu wanageuka kushangaa katoto kanasoma. Wala hakasomi, kanajua rangi. Nilimwandikia Mbagala kwa penseli juu ya kipande cha mbao, akaniambia, "Hiyo sijui, haina rangi."

Halafu huko awali wakaanza silabi. Ba be bi bo bu, wimbo uleule tuliouimba sisi. Kwa muda mrefu hakuna kitu, anaimba tu bila kujua anaimba nini. Mpaka mchana mmoja gari limekwama kwenye foleni mbele ya karakana, namsikia ananong'ona: te... me... ke. Kanyamaza. Karudia harakaharaka: Temeke. Akaniangalia kwa macho ya mtu aliyemkamata mwizi.

Tangu hapo hakuna ukuta uliosalimika. Mbagala ilimtesa kwa sababu ya ile mba, Gongo la Mboto ikamtesa zaidi, ila kazimaliza. Kasoma NYUMBA HII HAIUZWI, akaniuliza, "Kwani nani alitaka kuinunua?" Kasoma USIKOJOE HAPA kwa sauti ya kutangaza msiba, na wakati huo kuna mzee wa watu kageukia ukuta huohuo. Mzee aliondoka hata hajamaliza shughuli.

Kinachonipa raha si kusoma kwenyewe, ni ile namna mlango ulivyofunguka. Kiswahili chetu kina irabu tano tu na kila moja inasema kitu kilekile popote ulipoiweka. Akishazishika silabi, anasoma hata neno ambalo hajawahi kulisikia maishani. Juzi kasoma "hati miliki" kwenye gazeti nililofungia misumari. Hajui ni nini, na ukiniuliza sana hata mimi sina, lakini kaisoma sawasawa.

Kwenye namba sasa, huko ndiko kwenye vituko. Mtoto anaweza kuimba moja hadi ishirini na bado hajui tatu ni ngapi. Nilikuwa namwambia niletee misumari mitatu, ananiletea ngumi nzima. Mmoja anauleta vizuri. Miwili baada ya muda akaanza kuiweza, mitatu ikachelewa. Kisha ghafla akaanza kuipanga chini mmoja mmoja huku anahesabu, na ule wa mwisho anausema kwa nguvu. Siku hizi ndiye mtunza stoo wangu. Akifika ishirini na tisa lakini anasema "ishirini na kumi." Nashindwa kumrekebisha, maana kwa akili ya kawaida yeye ndiye yuko sahihi.

Na lugha! "Baba, wabu wameniuma." Hakuna mtu mtaani kwetu anayesema wabu. Katunga mwenyewe: mtu watu, mtoto watoto, basi mbu wabu. Siku hizi ameshaacha, kabaki na "majino."

Mdogo wake wa kiume ndio kwanza ana mwaka na miezi mitano. Alichelewa kutembea, mama mkwe akakosa usingizi, jirani akashauri tuchimbe shimo tumsimamishe humo mchanga ufike magotini. Tukaenda kliniki, nesi akatuambia tusubiri. Miezi kumi na tano ikiingia, dogo kaachia stuli akaja mpaka kwenye randa. Hiyo video nimeitazama mpaka simu imechoka.

Haya, karibuni.

Mama_Pacha

Nimecheka hiyo ya mzee ukutani mpaka nimemwamsha mtoto 😂

Mimi nina pacha, Kurwa wa kike na Doto wa kiume, miaka mitatu. Chakula kimoja, kitanda kimoja, mama mmoja, lakini hawafanani hata chembe. Kurwa anaongea tangu hajatimiza miaka miwili, anasimulia hata ugomvi wa majirani. Doto alikuwa anaonyesha tu kwa kidole. Watu wakaanza, "huyu bubu huyu." Kumbe bwana anafanya kazi kimyakimya: kafungua kofia ya betri ya rimoti, kafungua komeo la mlango wa uani, kagundua sukari inakaa kabati gani na stuli gani inafika. Maneno yalikuja baadaye, yakaja kwa mkupuo. Neno lake la kwanza la maana lilikuwa "bado," alilisema nilipotaka kumtoa kwenye beseni la kuogea.

Kwa sasa wote wana kesi ya jana na kesho. Kila kilichopita ni jana, hata sikukuu ya mwaka uliopita. Kila kinachokuja ni kesho. Kurwa kaenda mbali zaidi, ana "kesho ya jana." Bado sijaelewa ni lini.

NesiWaZamu

Fundi, huyo nesi wenu apewe soda. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi tano, Ghana na Oman zikiwemo, na matokeo yakatoka 2006: kutembea bila kushikwa kunaanza popote kati ya miezi minane na kumi na saba na ushee. Wote hao ni wazima. Na wapo, kama wanne hivi katika kila mia, ambao hawatambai kwa mikono na magoti hata siku moja. Wanajiburuza kwa makalio au wanaruka moja kwa moja kwenye kusimama. Akifika mwaka mmoja na nusu bado hajatembea, mlete aonwe. Mashimo ya mchanga achieni mafundi ujenzi.

Niongeze moja kwa vile tunajisifu. Wazazi wengi wakija kliniki wanajivunia kilo. Mtoto akiwa bonge, mama anatembea kifua mbele foleni nzima. Sawa, kilo tunazipenda, na mstari kwenye kadi ukiwa kwenye kijani na unapanda sote tunafurahi. Ila muulize nesi na urefu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na mtoto aliyedumaa mara nyingi humtambui kwa macho, unamwona tu mdogo mdogo wa wastani, kanenepa vizuri. Uji mtupu wa sembe unashibisha. Weka karanga, dagaa, yai, maziwa, mboga za majani. Na akimaliza ile chanjo ya surua ya miezi tisa, msipotee, kuna ya pili ya miezi kumi na minane. Hapo ndipo tunapowatafuta kwa tochi.

Bosi_Mtarajiwa

Samahani Mkuu, sitaki kuharibu sherehe, ila kusoma vibao vya daladala ndio mafanikio? Wangu ana miaka minne, yuko mchepuo wa Kiingereza, wageni wakija anawasalimia kwa Kiingereza, anataja siku, miezi, rangi na wanyama wote. Muhula uliopita kashika nafasi ya pili darasani. Ada inauma lakini naiona inakokwenda. Dunia ya sasa haisubiri mtu wa ba be bi bo bu. Kayumba, hizi shule za serikali, tumesoma sisi, matokeo tunayajua.

FundiWaKeko

Mkuu, hongera kwa dogo, sina ugomvi. Uzi huu ni wa kujisifu na umejisifu, karibu. Ila nijibu moja: mpe asome kibao cha Temeke, utuambie kasema nini.

Bosi_Mtarajiwa

...kasema Timiki.

Mama_Pacha

😂😂😂 Nakufa

TichaWaAwali

Msimcheke baba wa watu. Mtoto hajakosea: kafundishwa kwamba herufi e inaitwa "i," na i inaitwa "ai." Kwa alichopewa, Timiki ni jibu sahihi. Wengi wanajinasua wenyewe baada ya muda. Lugha mbili hazimdhuru mtoto hata kidogo, akili ya umri huu ina nafasi ya kutosha. Tatizo tunalipika sisi, tunapotaka aanze kusoma katika lugha ambayo hajaisikia hata jikoni kwao. Anakariri sura ya neno, kama binti wa Fundi alivyokariri rangi. Anataja miezi kumi na miwili na bado hajui mwezi ni kitu gani.

Mimi nafundisha awali shule ya serikali, mkoa wa Iringa. Tunafundisha sauti kwanza: m ni "mmm," si "em." Unganisha na a, umepata ma. Mtoto anaiona hesabu inavyokwenda.

Bosi, hilo la nafasi ya pili nalo lizungumzwe. Kwenye elimu ya awali hakuna mtihani wa kitaifa. Mwalimu anatakiwa kumwangalia mtoto anavyocheza, anavyoongea, anavyoshika vitu, anavyongoja zamu yake, kisha aandike alichokiona. Anayempanga mtoto wa miaka minne kuwa wa pili anampangia wewe uliyelipa, siyo mtoto. Huyo wa ishirini na tisa kwenye orodha hiyo pengine ndiye pekee anayejua kugawa maandazi sawasawa kwa wenzake.

Wapo wazazi wanaoniletea daftari la mtoto wa miaka mitatu na kulalamika halina tiki. Mtoto wa miaka mitatu anachora duara, na kwa umri wake hiyo ni kazi kubwa. Msalaba unakuja karibu na miaka minne, mraba kati ya minne na mitano, pembetatu baadaye zaidi. Ukitaka kujua kama mkono uko tayari kwa herufi, angalia michoro. Sasa unamlazimisha aandike "k" wakati vidole bado vinashika penseli kwa ngumi? Mpe udongo afinyange, mpe choroko achambue, mwache acheze mdako. Mdako una kila kitu: jicho, vidole, kungoja, na kuhesabu kwa mafungu, maana mara unaokota moja moja, mara mbili mbili. Hakuna daftari la hesabu linaloshinda kete tano za mawe.

Kingine, akichora mtu mwenye kichwa kinachoota miguu, bila tumbo wala shingo, usimwambie kakosea. Ndivyo wanavyoanza karibu wote. Weka tarehe nyuma ya karatasi, uhifadhi. Baada ya mwaka utaona shingo imeingia.

Tangu Desemba 2021 nchi ina programu yake ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali, ile inayofupishwa MMMAM, ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Inataja mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Hilo la mwitikio ndilo ninaloliona likisahaulika. Mtoto akisema "wabu wameniuma," kuna mzazi anayejibu "wamekuuma wapi?" na kuna anayejibu "nyamaza, unanichosha." Hao watoto wawili nikiwapokea darasani nawatambua wiki ya kwanza.

MwanaKisauni

Mashallah, Mashallah, Mashallah. Nimesema mara tatu kwa niaba yenu nyote, maana naona watu mwawasifu wana hadharani na hakuna hata mmoja aliyelitaja jina la Mungu. Huku kwetu Mombasa nyanya yangu angesoma uzi huu angewapaka watoto wote wanja wa paji la uso kabla hamjafika ukurasa wa pili. Yeye ukimwambia "mtoto kanenepa," ajibu "wapi, anaharisha huyo." Ilhali mtoto mzima bukheri.

Wangu ana miaka minne, yuko PP1, mwaka wa kwanza wa elimu ya awali huku Kenya. Asubuhi skuli, alasiri chuoni kwa maalimu. Kinishangazacho ni masikio. Fatiha na sura fupi fupi kazihifadhi kabla hajazijua herufi, na maalimu akiteleza makusudi, yeye ndiye wa kwanza kumrudi. Sasa ameingia alifu, be, te, na ajua kabisa kuwa kitabu hiki chaenda kulia na kile chaenda kushoto. Hajawahi kuchanganya. Mimi nikimwangalia nasema huyu kichwa chake kina vyumba vingapi?

Ticha kagusa la kucheza. Hapa Mombasa ndipo mpango wa shule za awali za madrasa chini ya Aga Khan ulipoanzia, miaka ya 1980, kisha ukavuka kwenda Zanzibar na Uganda. Wazo lao lilikuwa kuchukua yale yaliyopo, nyimbo, hadithi, vifuu vya nazi, kombe za pwani, na kina mama wa mtaani wenyewe wafunzwe ualimu. Mamangu alikuwa mmoja wao. Nyumba yetu ilijaa vizibo vya chupa vilivyooshwa, na ole wako uvitupe.

Nyumbani_Muscat

Nachangia kidogo kutoka Omani. Bibi yao alizaliwa Unguja, anawasemesha Kiswahili tu, skuli ni Kiarabu. Mjukuu wake wa miaka mitano juzi alikuwa anahesabu ngazi na bibi. Alipofika sita akasimama, akasema: bibi, wewe unaniibia, hii sita ni ya skuli! Na saba, na tisa pia. Bibi akacheka. Tangu siku hiyo anazikagua namba zote kama ni za bibi au za mwalimu. Ishirini na thelathini kampa mwalimu. Nne na tano kasema ni za bibi, hazijadiliwi.

MamaShoto

Wakuu, mimi natoka kidogo kwenye kujisifu, ingawa najivunia pia. Mwanangu ana miaka minne na nusu, anachora vizuri mno, ila kwa mkono wa kushoto. Bibi yake anamchapa kidole na kumhamishia penseli kulia. Anasema atakula kwa mkono mbaya na atapewa jina shuleni. Nifanyeje bila kuvunja undugu?

TichaWaAwali

Dada, binadamu mmoja katika kila kumi hivi ni wa mashoto. Ni ubongo ulivyojipanga, si tabia. Kumlazimisha kunamchelewesha kuandika na kunamfanya achukie penseli. Kwa bibi, nenda kwa heshima: mkubaliane kwamba kula na kupokea vitu kwa wakubwa atumie kulia kama adabu yetu inavyotaka, na kuandika aachwe. Mabibi wengi wanakubali mapatano ya namna hiyo, kwa sababu hofu yao ni adabu, si mwandiko. Darasani mwombe mwalimu amkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto ili viwiko visigongane na vya jirani. Karatasi ailaze kidogo kuelekea kulia, ataona anachoandika.

FundiWaKeko

MamaShoto, na mkasi pia. Mikasi mingi imetengenezwa kwa wa kulia, akishindwa kukata usidhani ni mzito. Nina kijana hapa karakana wa mashoto, ndiye mwenye mkono mzuri wa patasi kuliko sisi wote.

MwanaKisauni, nimekusikia, Mashallah. Mama mkwe wangu angekupenda.

Ticha, ngoja nikuonyeshe kitu maana nimeona umetaja vidole. Mabaki ya mbao yakizidi namchongea binti herufi. Nachora herufi juu ya msasa, nakata kwa kisu, naigandisha kwa gundi kwenye kibao kidogo cha mninga. Anaipitisha kidole juu ya ukwaruzo huku anatoa sauti yake. Wazo lilimjia mwenyewe, alikuwa anachezea vipande vya msasa akaniambia "Baba, hii inasema shhh."

TichaWaAwali

Fundi! Unajua kwamba Maria Montessori alikuwa na herufi za msasa kama hizo hizo? Yule daktari wa Italia aliyefungua nyumba ya watoto mtaa wa wafanyakazi kule Roma, 1907. Chekechea nyingi za masista hapa nchini zinazitumia hadi leo. Irabu ziweke rangi moja na konsonanti rangi nyingine, mtoto ataona mwenyewe kwamba karibu kila silabi inamaliziwa na irabu. Na zichonge herufi ndogo kwanza, kubwa baadaye, kwa sababu vitabuni nyingi ni ndogo. Hakikisha pia kona hazina vibanzi.

NesiWaZamu

Na vumbi la kupiga msasa asilivute. Hiyo kazi ifanye akiwa shuleni.

FundiWaKeko

Nimepokea, nesi. Mashine ikiwaka yeye anakaa kwa mama ntilie upande wa pili wa barabara, ndiko alikomaliza kusoma menyu yote. Sasa anamuuliza mama ntilie kwa nini "makange" imeandikwa na haipo.

Bosi_Mtarajiwa

Mimi msimamo wangu uko palepale, Kiingereza kwanza. Ila jana jioni nimekaa naye na kibao, te me ke, te me ke, mpaka mama yake akatufukuza sebuleni. Fundi, hizo herufi za msasa unauza? Na x na q unachonga au ni za Kiswahili tu?

FundiWaKeko

Za Kiswahili seti nzima ninayo tayari, na ch, sh, ng' nimeziweka kwenye kibao kimoja kimoja. X na q nachonga, Bosi, ila mbao zake utalipia kando. Njoo pembeni tuongee bei.